Shahidi wa Pili

Kama yupo mtu aliyeamini kwamba mwanamke mzima, mwenye mume na nyumba yake, anaweza kukatiza usingizi wa Jumamosi ili akatazame ndege na uyoga kwenye bustani ya jiji, mtu huyo hakuwa Sindano. Sindano alikuwa fundi cherehani, na jina hilo wateja hawakumpa kwa ajili ya kazi yake bali kwa ajili ya ulimi wake. Miaka ishirini na miwili alikuwa akipima watu viuno na mabega, na katika miaka hiyo alikuwa amejionea kwamba binadamu hudanganya hata mbele ya futi. Anayeapa hajanenepa huvuta tumbo ndani. Anayesema gauni ni la dada yake huomba kulijaribu mwenyewe. Basi wifi yake, mke wa mdogo wake wa kiume, aliposema kila Jumamosi yuko bustanini anahesabu kunguru, Sindano alimtazama kama anavyotazama kitambaa kinachouzwa nusu bei.

Mambo yalianza Jumapili moja, wiki mbili nyuma. Mdogo wake aliingia kibandani kwake, akakaa kwenye stuli ya wateja na kunyamaza mpaka Sindano akaondoa mguu kwenye pedali.

"Dada, mke wangu ana mtu."

"Nani kasema?"

"Nani aseme, na mimi nina macho? Kila Jumamosi bustanini. Ndege gani hao wasioisha kuhesabiwa?"

Sindano hakuhitaji kushawishiwa. Tangu mwaka uanze alikuwa amempunguzia mdogo wake suruali mara mbili, na mara zote mbili alimsikia akilalamika tumbo. Mwanamume akikonda ndani ya ndoa, Sindano hakuwa na haja ya kumuuliza mwanamume. Alimwangalia mke. Na huyu mke mwenyewe hakuwa wa kupigiwa mfano kwa maneno. Alikuwa mpole mno, wa kuitikia tu na kutabasamu, na upole wa namna hiyo haukuwahi kumpa Sindano raha.

Jambo lilifika kwa mama yao, na mama hana subira. Akaitisha kikao cha ukoo. Kama kweli kuna mtu, mke arudi kwao na binti yao wa miaka saba abaki. Kilichokuwa kikingojewa ni ushahidi tu, na hapo wote walimgeukia Sindano. Akaandamane na wifi yake Jumamosi, aone, na Jumapili saa nane mchana aje aseme sebuleni mbele ya wote.

"Ukisema wewe, imekwisha," mdogo wake alimwambia. "Mama hawezi kukubishia."

Sindano alijipeleka kwa wifi yake na hadithi kwamba daktari amemwambia atembee. Alitegemea visingizio. Badala yake wifi yake alitua sufuria na kusema, "Karibu sana. Vaa viatu vya kufunga, majani yana umande." Alikubali upesi hivyo. Usiku kucha Sindano alijigeuza kitandani akiulizana na dari: mtu mwenye la kuficha anakubali upesi hivyo kwa nini?

Jumamosi saa kumi na mbili na nusu walikuwa langoni. Mdogo wake alikuwa ameshaondoka kwenda kazini, wifi akasema, na mkoba wake, maana siku hizi hata Jumamosi ofisi haiwapumzishi. Sindano alisema pole, lakini moyoni alikuwa akikagua. Suruali ya kaki, mifuko mingi, mshono wa pembeni umerudiwa kwa mkono. Darubini shingoni. Begani mfuko wenye chupa ya chai, mifuko ya karatasi iliyokunjwa, na daftari dogo lililofungwa kwa mpira. Midomo haina rangi. Hiyo ndiyo ilimtia mashaka zaidi. Mwanamke anayekwenda kuonana na mtu na asijipambe, ujue wameshazoeana.

Bustani ilikuwa imelala kwenye mteremko. Upande wa juu palikuwa na miti mikubwa iliyosongamana, ambayo watu waliiita msitu kwa kuipa heshima. Chini kabisa palikuwa na bwawa, daraja dogo, na mabenchi yaliyopangwa ukingoni. Ng'ambo ya ukuta magari yalikuwa yameshaanza kupigiana honi.

Kikundi kilikuwa cha watu tisa, wengi wao wazee, na kiongozi wao alikuwa mpima ardhi mstaafu waliyemwita Katibu. Mtu mrefu, mkavu, kofia ya kitambaa, kalamu mbili mfukoni. Alimpa wifi mkono na kuushikilia kidogo. Sindano akahesabu. Moja, mbili, tatu, nne. Akameza mate, akalihifadhi hilo kwa ajili ya Jumapili.

"Huyu ni wifi yangu," wifi alisema. "Ni mgeni. Nimemwambia atembee nami tu."

"Umemweleza taratibu?"

"Nimekuachia wewe."

Katibu akamgeukia Sindano na kumweleza, kwa sauti ya mtu aliyeyasema hayo mara mia. Ndege wa kawaida, akimwona mmoja wenu inatosha, mwandike. Ukikuta ndege au uyoga wa ajabu, ambaye hakutegemewa hapa, basi mpaka shahidi wa pili. Na huyo shahidi haambiwi aone nini. Anaonyeshwa mahali tu, anaachwa aseme mwenyewe. "Maana ukimwambia mtu pale kuna tai, hata njiwa atamwona ana kucha," alisema, na wazee wakacheka kicheko cha utani wa zamani. Jambo la pili, hakuna kukurupusha. Ukimwona, tulia. Ukimkimbilia ataruka, na kesho atatua mahali usipopajua.

Sindano aliitikia kwa kichwa kama mwanafunzi mwema. Alikuwa na taratibu zake.

Waligawana njia, na mawifi wawili wakapewa ukingo wa chini wa msitu. Hapo ndipo Sindano alipopata mshangao wa kwanza, kwamba wifi yake mpole alikuwa mtu mwingine kabisa akiwa chini ya miti. Alitembea bila kukanyaga kijiti. Alisimama ghafla, akainua kidole, akanong'ona: tetere wawili, shomoro sita, yule anayegonga ni kigogota, mtazame kwenye tawi kavu. Aliandika bila kuangalia karatasi. Sindano aliazimwa darubini akatazama asichokitaka, na akamwona ndege mdogo kuliko kidole gumba, mdomo umepinda, kifua kijani cha satini, ile satini ya bei mbaya inayobadilika rangi ukiigeuza.

"Chozi," wifi alisema.

"Kashonwa vizuri," Sindano alisema kabla hajajizuia, akakasirika kwa kusema hivyo. Hakuja kufurahi.

Saa mbili simu yake ilitetemeka. Ulikuwa ujumbe wa mdogo wake: *Vipi? Mko upande gani?* Akamjibu: *Juu, kwenye miti.* Haukupita muda, mwingine ukaja: *Hamshuki bwawani?* Akajibu kwamba hapana, siku nzima watakuwa juu. Moyo ukamuuma. Maskini kijana wa watu, yuko kazini anavunjika mgongo na akili yote iko huku. Akamtupia wifi yake jicho la pembeni ambalo, kama jicho lingekuwa na ncha, lingemtoboa.

Kisha wakafika kwenye gogo.

Lilikuwa gogo la mti ulioanguka miaka mingi, refu kuliko basi, limelala ukingoni kabisa mwa msitu pale mteremko unapoanza. Lilikuwa limejaa uyoga. Mwingine ulitoka ubavuni kama rafu za duka, mgumu, wa kahawia. Mwingine ulikuwa laini kama sikio. Na penye majani yaliyooza palikuwa na uyoga mweupe, wa kupendeza, wenye kofia na pete shingoni. Wifi alipiga magoti. Akatoa kisu kidogo, akakata uyoga mmoja mweupe, akauweka kwenye mfuko wa karatasi. Akakata mwingine wa pembeni yake, akauweka kwenye mfuko wa pili. Mifuko yote miwili akaiandika.

"Hii unaipeleka wapi?" Sindano aliuliza.

"Nyumbani."

"Jikoni?"

"Juu ya kabati, mtoto asifikie. Ona, wifi. Huu na huu inafanana kama mapacha. Mmoja unaliwa vizuri tu. Mwingine unakula figo zako polepole, na unapokuja kujua kwamba unaumwa, umeshachelewa. Kwa macho huwezi kuitofautisha. Unaulaza kwenye karatasi usiku kucha, asubuhi unakuta umeacha unga wake. Rangi ya unga ndiyo inayosema."

Aliyasema hayo kwa utulivu wa mtu anayeeleza namna ya kupika wali. Sindano alisimama pale, umande umempenya viatu, akahesabu tena. Suruali mara mbili. Tumbo. Polepole. Kumbe hata si hawara tu. Huyu mtoto wa watu analishwa sumu. Aliona sebule ya mama, aliona wazee wa ukoo wameshika vichwa, alijiona mwenyewe amesimama katikati akiweka mfuko wa karatasi mezani. Damu ilimchemka, na lazima isemwe ukweli, kulikuwa na kijiraha fulani ndani ya kuchemka huko. Kuwa na haki kuna utamu wake.

"Mume wako anakula uyoga?" aliuliza, akijitia hamnazo.

"Siku hizi hali kitu. Nampakulia, anakizungusha kwenye sahani." Wifi alifuta kisu kwenye suruali. "Hebu niwekee mfuko wangu, nipeleke hesabu kwa Katibu. Sikawii."

Akaondoka kati ya miti. Mfuko ukabaki kwenye gogo, na ndani ya mfuko daftari lenye mpira.

Sindano alingoja mpaka mgongo wa kaki ulipopotea. Kisha akautoa mpira.

Kurasa za mbele zilikuwa ndege na uyoga, tarehe, saa, mahali, kwa mwandiko mdogo ulionyooka. Akageuza kwa nyuma. Nyuma palikuwa na ukurasa uliopigwa mistari kwa rula, safu tano: *Tarehe. Saa. Mahali. Nilichoona. Shahidi.* Mistari kumi na minne ilikuwa imejazwa, Jumamosi kumi na nne, na kila mstari ulisema karibu yaleyale.

*Saa nne na robo. Benchi la tatu. Yuko peke yake. Shati la bluu. Nimemtazama mpaka saa sita.*

*Saa nne na dakika ishirini. Benchi la tatu. Leo koti. Hakuinua kichwa.*

*Saa nne na robo. Benchi la tatu. Shati la bluu tena. Nilitamani nishuke nimshike mkono. Sikushuka.*

Safu ya shahidi ilikuwa tupu kutoka juu mpaka chini.

Macho yalimtoka pima. Kwa hiyo yupo. Ana benchi lake, ana saa zake, ana shati lake, na mwanamke mwenye mume anatamani kumshika mkono na anaandika kabisa, kwa rula. Sindano alipiga picha ukurasa ule kwa simu, mara mbili, ili asije akaambiwa haonekani vizuri. Akaurudisha mpira mahali pake. Akatazama saa. Ilikuwa saa nne kasoro dakika tano.

Sasa hakuwa na haraka tena. Alikaa juu ya gogo mkao wa kula, akapanga. Wifi akirudi, yeye atajifanya amechoka. Atamwacha atulie. Ikifika saa nne na robo atamfuata macho yanakoelekea, na huyo wa shati la bluu atampiga picha naye.

Wifi alirudi, akamimina chai, akampa kikombe. Wakanywa. Chai ilikuwa nzuri, na Sindano aliichukia kwa hilo. Saa nne na dakika kumi wifi alisogea mwisho wa gogo, pale palipokuwa na uwazi kati ya vichaka, akalala kifudifudi kama askari, akaweka darubini machoni. Alikaa hivyo muda mrefu. Mgongo wake ulikuwa hautikisiki.

"Wifi," alisema hatimaye, bila kugeuka. "Njoo hapa. Leo nataka uone kitu."

Sindano alipigwa na butwaa. Haya ilikuwa imemwisha kabisa huyu? Anataka kumwonyesha hawara wake, yeye, dada wa mume? Alikwenda, akapiga magoti kwenye majani, akapokea darubini iliyokuwa na joto la uso wa mwenzake.

"Daraja unaliona?"

"Daraja nalitakia nini?"

"Hesabu mabenchi kutoka darajani. La kwanza, la pili, la tatu. Tulia hapo."

"Kuna nani?"

"Sikwambii," wifi alisema. "Sema unachoona."

Sindano alizungusha kile kigurudumu cha katikati. Kwanza ilikuja kijani tupu, kisha maji, kisha bata anayejikuna. Benchi la kwanza lilikuwa na kikongwe na mkongojo wake. La pili tupu. Akasogeza kidogo. Bluu ikaingia, ikatawanyika, akazungusha, ikajikusanya ikawa shati.

Akaanza na shati, kama fundi yeyote. Shati la mikono mirefu, kola ngumu. Mfuko wa kifuani ulikuwa umekaa chini, vidole viwili chini ya pale mafundi wote duniani wanapouweka. Sindano aliutazama mfuko ule tena. Yeye mwenyewe ndiye aliyeuteremsha. Mwenye shati alimwambia miwani yake hudondoka kila akiinama, naye akamwambia basi nitakushushia mfuko, na akamcheka kwamba ataonekana ana ziwa moja limelala.

Juu ya magoti palikuwa na mkoba wa kazini. Juu ya mkoba, karatasi, na ndani ya karatasi kipande cha mkate mkavu. Mtu yule alikuwa akiumega na kuutafuna polepole, kama dawa. Kando yake gazeti lililokunjwa. Hakuwa akisubiri mtu. Mtu anayesubiri huangalia njia. Huyu alikuwa akitazama maji.

"Sema unachoona, wifi."

"Naona shati langu," Sindano alisema.

"Endelea."

Alikuwa akitafuta mtu mwingine yeyote duniani wa kumvalisha shati lile.

"Naona mdogo wangu."

Nyuma yake wifi alishusha pumzi ndefu, akakaa kwenye gogo kama mtu aliyetua mzigo. "Basi," alisema. "Kumbe sina wazimu."

Yaliyofuata aliyasema kwa sauti ileile ya kupikia wali, ila mara mbili ilikatika. Mumewe hana kazi. Ni mwezi wa tano sasa. Walipunguzwa watu ofisini, naye alikuwamo, na siku ileile alirudi nyumbani akasema kazi zimebana. Siku za wiki hukaa maktaba. Jumamosi maktaba hufungwa, basi huja hapa. Ile pikipiki yake aliyosema imeibiwa haikuibiwa, aliiuza. Sindano alikumbuka alivyomlaani mwizi yule, kizazi chake chote, mbele ya wateja.

"Ulijuaje?"

"Siku ya kwanza nilikuwa natafuta korongo. Nikampata yeye. Jumatatu nikaenda ofisini kwao, nikauliza getini."

"Na ukanyamaza?"

"Nilikuwa nampa nafasi. Kila jioni namuuliza, kazini kulikuwaje? Ananieleza, wifi. Ananisimulia mpaka utani wa bosi. Anacheka mwenyewe." Wifi alikuwa akikunja mfuko wa karatasi, akiukunjua, akiukunja tena. "Anajua sisi tunakaa huku juu. Anafikiri kule ni mbali. Hajawahi kutazama kwa darubini, hata mara moja. Nilimwambia mara ngapi ajaribu, ananicheka."

"Na hilo la kwamba una mtu?"

"Wiki mbili zilizopita, tukiwa tunakula, nilimwambia mwezi ujao kikundi kinaanza kuhesabu ndege wa majini. Tutakuwa bwawani kila Jumamosi. Alishika kijiko hivi, hakukitia mdomoni. Kesho yake ndiyo nikasikia nina mwanamume."

Wiki mbili. Jumapili. Stuli ya wateja. Sindano alikumbuka zile jumbe: mko upande gani, hamshuki bwawani? Na jibu lake mwenyewe, siku nzima tutakuwa juu. Yeye ndiye aliyemhakikishia kwamba benchi liko salama. Uso ulimwaka moto, na kwa mara ya kwanza siku ile hasira haikuwa ya mtu mwingine.

"Mimi nilikuja kukukamata," alisema.

"Najua. Ndiyo maana nilikubali. Ningemleta dada yangu aone, kesho nani angemsikiliza?" Wifi alimtazama usoni. "Daftari ulilifungua?"

Sindano alijitia kufuta majani magotini.

"Ule mpira mimi huuzungusha mara mbili. Nimeukuta mara moja."

Kigogota aligonga mahali fulani, akaacha. Kisha Sindano akatoa simu.

"Usimkurupushe," wifi alisema, na safari hii sauti yake ilikuwa ya kuomba. "Ukimkurupusha leo, Jumamosi ijayo atakwenda nisikokujua. Hapa angalau namwona."

"Simkurupushi. Namsalimia."

Akapiga, darubini machoni. Kule chini mwenye shati la bluu alijipapasa, akaitazama simu, akasafisha koo, na kabla ya kupokea akakaa wima, kama mtu aliyeitwa na mkubwa wake.

"Dada."

"Uko wapi, mdogo wangu?"

"Kazini. Leo kumebana, hata sijakaa chini."

Sindano alimwangalia alivyokaa. Alimlea huyu. Mama alipokuwa sokoni, yeye ndiye aliyembeba mgongoni na kumfundisha kufunga vifungo, na alijua sura yake ya uongo tangu akiwa na miaka minne, ile ya kutazama juu kidogo. Alikuwa akitazama juu kidogo.

"Pole," alisema.

"Vipi huko? Hamjashuka?"

"Hatujashuka."

Bata alipita mbele ya benchi.

"Na huyo mwanamume, umemwona?"

Wifi alikuwa ameugeuzia uso msitu. Sindano alijua kwamba hapo ndipo penyewe. Sebule ya mama, kikao na mtoto wa miaka saba, vyote vilikuwa kwenye neno moja, na neno lilikuwa mdomoni mwake.

"Nimemwona."

Mkono wenye mkate ulishuka magotini.

"Yu... yukoje?"

"Amekonda," Sindano alisema. "Suruali niliyompunguzia mwezi uliopita imeanza kumpwaya tena."

Hakuna kilichosikika kwenye simu ila honi ya gari, na honi hiyohiyo Sindano aliisikia pia kwa sikio lake la pili, kutoka ng'ambo ya ukuta. Kule chini mtu yule aliinua kichwa. Alitazama daraja. Akatazama mabenchi, moja moja, kikongwe, njia. Mwisho akatazama juu, kwenye miti, moja kwa moja mahali walipo, ingawa kwa macho matupu asingeweza kuona kitu.

"Anafanya nini?" wifi aliuliza kwa kunong'ona.

"Amesimama."

"Nilikwambia."

"Ameshika mkoba. Amegeukia darajani." Sindano alibana pumzi. Alikuwa na maneno elfu ya kumtupia kwenye simu, ya kumsuta na ya kumbembeleza, na maisha yake yote hajawahi kuyazuia. Aliyazuia. "Amesimama tu. Gazeti limeanguka. Haliokoti."

"Anaondoka?"

"Sema unachoona, sivyo? Naona amesimama."

Halafu akamwona mdogo wake akikaa. Alikaa polepole, akaweka mkoba chini, si magotini, akafunika macho kwa mkono mmoja. Simu bado ilikuwa sikioni mwake.

"Dada," ilisema simu. "Mama anajua?"

"Hajui. Kesho utamwambia wewe, na mbele ya wote utamsafisha mkeo, neno kwa neno kama ulivyomchafua. Mimi nitakaa karibu yako. Sasa tulia hapohapo. Nashuka."

Akakata. Akajifuta uso kwa kiganja, akanyoosha mkono. "Nipe hilo daftari."

Aliandika mwenyewe, mstari wa kumi na tano, kwa mwandiko wake mkubwa wa kuandikia vipimo. Tarehe. Saa nne na nusu. Benchi la tatu. Nilichoona: *Yuko peke yake. Hakukimbia.* Kwenye safu ya shahidi akaandika: *Dada yake.* Kisha akarudi juu ya ukurasa, akajaza safu hiyo mistari yote kumi na minne iliyopita kwa neno moja kila mahali, *Naamini*, ingawa alijua taratibu haziruhusu.

"Tushuke?" alimuuliza wifi yake.

"Shuka wewe. Mimi nimemtazama Jumamosi kumi na nne. Leo apande yeye."

Sindano hakubisha. Akachukua chupa ya chai, akaiweka kwapani, akaanza kuteremka akishika vichaka kwa mkono mmoja. Nyuma yake alisikia hatua za Katibu zikija, na sauti yake kavu ikiuliza kama upande huu leo kuna wa ajabu.

"Yupo mmoja," wifi alijibu.

"Ana shahidi?"

"Anaye. Ndiye yule anayeteremka."